Jumanne za Mwambani

Nyumba ile ya mtaa wa Muyeye, Malindi, ilikuwa na vyumba sita, na siri haikuwa na pa kulala. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa uani anamwambia pole. Ukinunua nyama robo, haijatokota bado watu wameshajua ni ya mbavu ama ya paja, na nani atakuja kuila. Kwa hiyo mwaka ule wa themanini na nne, mwaka wa ukame na unga wa manjano, la kushangaza si kwamba Jedida alikuwa na siri. La kushangaza ni kwamba aliiweka tangu Pasaka mpaka Septemba, na Kadii yupo chumba cha pili, ukuta mmoja.

Kadii alikuwa Mgiriama wa Jilore, muuza viazi vya karai. Alikaa mlangoni na karai lake, na hakuna aliyetoka wala kuingia bila kuulizwa. Jedida akitoka kila Jumanne, siku yake ya ofu, alimwambia, "Naenda Casuarina, kwa dada mmoja wa kwetu, anisuke." Kadii alimtazama akirudi, nywele ni zile zile, na kitambaa ni kile kile.

"Huyo dada yako anasuka kwa macho?"

"Hatukumaliza."

"Mwezi wa tatu sasa hamjamaliza. Shoga, kama ni mwanamume, mimi si polisi. Nitajie jina tu nilale."

Jedida alitabasamu kwa midomo, akaingia ndani. Kadii alipenda iwe mwanamume. Nyumba nzima ilipenda. Mjane wa miaka arubaini, hana mtoto, mumewe ameshatimiza mwaka kaburini. Watu walimwombea mwanamume kama wanavyoomba mvua.

Mumewe, Kamande, alikuwa fundi wa umeme katika hoteli ile ile ya ufuoni ambako Jedida alipiga pasi. Homa ya siku nne ikamchukua. Wakampeleka kwao Kangema, akazikwa kwenye udongo wa baridi, na Jedida akarudi Malindi na begi moja. Watu wa nyumba wakamlilia kwa zamu. Yeye hakulia. Si kwamba alijikaza. Hakuona cha kukaza. Alikula pilipili ya Kadii ikapita kama maji. Siku moja pasi ilimchoma kiganja, akaitazama ngozi ikiinuka, akamwambia msimamizi, "Nadhani nimeungua," kwa sauti ya mtu anayesema nadhani kuna mgeni mlangoni.

Yale ya Jumanne yalianza bila kupangwa. Ilikuwa wiki ya baada ya Pasaka. Alitoka kutembea tu, akapita Casuarina, akapita geti la mwisho la hoteli, akashika njia ya Mayungu, kisha akakata kushoto kwenye vichaka hadi akatokea kwenye mwamba uliojikunja kama kiganja mbele ya bahari. Mvua ikamkuta hapo, ile moja tu iliyokumbukwa mwaka ule. Ikamlowesha mpaka ndani, ikaenda zake, jua likatoka. Akavua gauni akalianika. Akavua shimizi akaianika. Halafu akaona hakuna haja ya kubakiza, akavua vyote, akakaa kwenye jiwe na miguu ameinyoosha.

Upepo ukampita mgongoni. Hakufurahi, asikudanganye mtu. Lakini aliusikia. Ilikuwa kama kusikia redio ya jirani: haikufunguliwa kwa ajili yako, wimbo huujui, ila unajua kwamba kuna mtu nyumbani. Alikaa hivyo mpaka nguo zikakauka, na zilipokauka akakaa tena saa nzima.

Jumanne iliyofuata akarudi, na iliyofuata.

Hakufanya kitu huko. Hakuogelea, hakujua. Hakuimba wala kuomba. Alikunja nguo zake kwa mikunjo ya kazini, akaziwekea jiwe juu, akakaa. Alijua si ruhusa. Hotelini kibao kilisimama kwenye ngazi za kushukia ufuoni, Kiingereza, Kijerumani na Kitaliano, kwamba kukaa uchi hadharani ni kosa kwa sheria ya nchi. Kiswahili hakikuwekwa, mwandishi hakuona wa kumwonya. Na polisi hawakuwa na mchezo. Mwezi wa saba walimchukua Mzungu na mkewe kutoka kwenye mchanga, wakawafunga mataulo ya hoteli, na wafanyakazi wote wakaacha kazi kwenda kutazama. Jedida naye alitazama. Jumanne akaenda mwambani kama kawaida.

Kitu kimoja tu alibaki nacho mwilini: taulo dogo jeupe, lenye mhuri wa buluu wa hoteli kwenye pindo, alilojifunga kichwani kwa ajili ya jua. Hakuliomba kwa mtu. Kutoka na kitu cha hoteli ilikuwa kufukuzwa siku hiyo hiyo, hata kiwe kijiko.

Basi Jumanne moja ya Septemba, saa tano za asubuhi, mgema mmoja aitwaye Kahindi alikuwa juu ya mnazi nyuma ya vile vichaka, anagema, akageuza shingo upande wa bahari.

Kahindi aliteremka kifua kimechubuka, kibuyu amekiacha juu. Alipofika mangweni, kwa wanywaji wa mnazi, hakusema mpaka kata ya tatu. Alipoanza kusema, hakuacha.

Jioni ile ile habari ilikuwa Muyeye, imekaa kwenye karai la Kadii.

"Shoga, kaa chini," Kadii akamwambia Jedida. "Wewe kaa kwanza. Kahindi ameona mtsai. Mchana. Uchi kama siku aliyozaliwa, kichwa cheupe pe, amekaa mwambani anaielekea bahari."

"Mtsai ni nini?"

"Mchawi. Nyinyi watu wa bara hamjui kitu. Wachawi hutembea uchi, hilo hata mtoto analijua, lakini usiku. Mchana wanajifunga leso kama mimi na wewe, wanakuja kununua viazi. Sasa huyu anayevua saa tano za asubuhi, jua hili, huyo masomo ameshayamaliza."

Jedida alikuwa amemega tonge la ugali wa manjano. Akalitazama.

"Labda ni Mzungu."

"Mzungu?" Kadii akacheka, akawageukia wengine waliokuwa wamesogea na viti vyao. "Mzungu wa uchi hukaa wawili wawili, na mafuta, na kitabu. Huyu hakuwa na mafuta, hakuwa na kitabu, hakuwa na mtu. Alikaa tu. Kahindi anasema alikaa mpaka miguu yake yeye ikafa ganzi kwenye mnazi. Mtu mzima avue nguo, akae peke yake, asifanye kitu. Niambie anafanya nini, kama si kazi hiyo."

"Labda alikuwa amechoka."

"Aliyechoka analala, shoga."

Watu wakacheka. Jedida akachovya tonge kwenye mchuzi, akala.

Siku tatu hazikupita, kile kichwa cheupe kikapata mwenyewe. Nyuma ya vichaka vile, kwenye shamba la mnazi, palikuwa na nyumba ya udongo ya mama mmoja mzee aitwaye Kahonzi, mjane, mwokota kuni za mivinje. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Alikaa peke yake. Hayo mawili yalitosha. Kambi, mtoto wa mke mwenzake, mtoto wake alikuwa na homa isiyosikia dawa, na mahindi yake yote yalikuwa yamekauka yakiwa urefu wa goti. Wako waliosema pia kwamba kuna Mtaliano aliyekuwa ameliulizia lile shamba mara mbili, lakini hayo yalisemwa kwa sauti ya chini.

"Wamelishusha paa lake," Kadii akasema Jumamosi, akigeuza viazi. "Makuti yote chini. Kambi na wenzake. Wamempa wiki moja na nusu, kisha watakula kiraho, kiapo cha papai."

"Wote?" Jedida akauliza.

"Wote. Mwenye kushitaki anakula, mwenye kushitakiwa anakula. Papai linasemewa na mganga, linakatwa, kila mtu kipande chake. Mwongo mdomo unavimba mpaka maji hayapiti. Kahindi pia atakula, maana yeye ndiye aliyeona. Tangu juzi hanywi."

"Na kama hakuna mwongo?"

"Atavimba mmoja. Akili huwa haiko sawa, mtu anaogopa, koo linafunga. Na akiwa ni bikizee wa watu, avimbe asivimbe, Kambi ana vijana kumi na panga." Kadii akasema hivyo bila kuinua macho. "Kule kwetu Jilore nimeona mmoja. Sisemi zaidi, mafuta yatapoa."

Jedida akaingia chumbani. Alikaa kitandani. Alijua vizuri sana kilichotokea, kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika: kuna mama mzee asiye na paa, na sababu ni yeye. Alijua neno la kusema, ni fupi. Akajua pia bei yake. Akilisema, atatajwa mwanamke aliyekaa uchi hadharani, na nyumba ile ya vyumba sita haitamsahau mpaka afe. Polisi watamtaka. Lile taulo litajulikana, na kazi itakwisha. Aliyaweka yote mbele yake, huku na huku, akangoja moyo uegemee upande mmoja. Haukuegemea popote. Akalala. Asubuhi akaenda kupiga pasi mashuka mia moja na ishirini.

Jumanne ikafika. Akaenda mwambani.

Hilo ndilo ambalo watu hawakuja kumwelewa baadaye, hata wale waliomsamehe. Alikwenda. Njia ilikuwa tupu kuliko siku zote, maana wagema walikuwa wameikimbia minazi ile, na wanawake wa kuni pia. Alivua, akakunja, akajifunga taulo, akakaa. Upepo ulikuwepo. Kutoka nyuma ya vichaka kulisikika mtu akigonga kigogo polepole, kisha akaacha. Jedida hakugeuka. Alikaa saa zake mbili, akavaa, akarudi nyumbani.

"Nywele bado," Kadii akasema.

"Bado."

Jumanne ya pili ndiyo iliyokuwa ya kiraho, na nyumba nzima ikafunga milango kwenda kutazama. Adhiambo wa chumba cha mbele akavaa viatu vya harusi. Kadii akambebea kila mtu viazi kwenye gazeti. "Wewe ofu yako leo, usiniletee habari za kusukwa," akamwambia Jedida, akamshika mkono, wakatoka. Jedida alikuwa amebeba kikapu chake cha Jumanne, kama mkono ulivyozoea.

Watu walikuwa wamejaa chini ya minazi mbele ya ile nyumba isiyo na paa. Ndani yake ilionekana yote, kitanda, chungu, leso moja kwenye kamba, jua limeingia kila mahali. Naibu chifu Ngala alikuwa amekaa kwenye kiti alicholetewa, daftari magotini. Alikuja, alisema, kuhakikisha hakuna mtu anayepigwa. Mganga alikuwa mtu mfupi mwenye shati safi, papai lake juu ya ungo. Kambi alisimama mikono kifuani. Kahindi, midomo mikavu, alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Na Kahonzi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, kichwa wazi.

Mganga akalikata papai. Akalisemea maneno yake kwa Kigiriama, marefu, kisha akageuza kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni: aliyevua nguo mwambani kwa ajili ya kudhuru, akila hiki, kimjue. Aliyemsingizia mwenzake, akila hiki, kimjue.

Jedida alikuwa amesimama mstari wa pili. Wiki mbili zile zote alikuwa akingoja kitu kimsukume, huruma au hofu, hata aibu. Alidhani atakapomwona yule mama kitakuja. Akamwona. Akaona nyayo zake, zimepasuka kisigino, na vumbi limeingia kwenye mipasuko. Akangoja kidogo. Hakikuja kitu. Mganga akainua kipande cha kwanza kwa ncha ya kisu, akamnyooshea Kahonzi, na Jedida akaelewa kwamba hakitakuja leo wala kesho, na kwamba papai halitamngoja.

Akasema hivyo hivyo.

"Ni mimi."

Kadii akamvuta nguo. "Shoga, nyamaza, si mahali pa mchezo."

"Aliyekuwa mwambani ni mimi. Si yeye."

Kicheko kikapita, kile cha watu waliokuwa na hofu. Kambi akasema, "Mama, wewe ni mtu wa bara na wa kanisa. Rudi nyuma." Mwingine akasema amerogwa, ndiyo anamtetea; tazama macho yake, hayana mtu ndani. Hilo la macho lilikubaliwa na wengi.

"Kahindi," Jedida akasema, "uliona nywele ama uliona kitu cheupe?"

"Niliona cheupe."

Akalitoa taulo kikapuni, akajifunga kichwani. Akapita mbele ya watu, akakaa chini na gauni lake, akawapa mgongo, akanyoosha miguu, mikono akaiweka nyuma kwenye mchanga. Akakaa. Hakuongeza neno.

Kahindi alimzunguka, akarudi nyuma hatua kumi, akapanda nusu ya mnazi uliokuwa karibu, akatazama kutoka juu. Wote wakamwangalia yeye sasa.

"Ndiye," akasema kutoka kule. "Haki ya Mungu ndiye. Hata mabega." Akateremka, akausogelea ungo, akauliza kama kuna haja tena ya yeye kula. Mganga akasema hakuna. Kahindi akakaa chini, akaomba maji.

Ngala alifungua daftari. "Jina."

"Jedida, mjane wa Kamande."

"Ulikuwa ukifanya nini pale?"

"Nimekaa."

"Uchi."

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Ukifanya nini?"

"Nimekaa tu, bwana naibu."

Ngala alishika kalamu bila kuandika. Alikuwa ameshaandika wezi, wapigao wake zao, wapika chang'aa. "Wazungu huwa wanasema wanaota jua," akasema, kwa namna ya kumsaidia.

"Hapana. Jua nalikinga."

Akaandika kitu, kirefu kuliko alivyosema Jedida. Akamwambia kituoni watamwita, na taulo alilete hapa. Akausoma ule mhuri wa buluu, akatikisa kichwa, akalikunja akaliweka chini ya daftari. Jedida alijua kwamba hotelini watakuwa wameshajua kabla ya chakula cha mchana, maana watunza bustani wawili walikuwa pale, na mmoja alikuwa ameshaondoka kwa miguu ya haraka.

Watu walitawanyika kwa uvivu, kama waliodhulumiwa. Kambi aliondoka bila kumtazama mama yake wa kambo. Kadii ndiye aliyebaki mpaka mwisho, gazeti la viazi limemlowa mafuta mkononi.

"Miezi mitano," akasema. "Ukuta mmoja. Mimi nakuhadithia habari za mchawi, mchawi mwenyewe anakula ugali wangu, ananiuliza mtsai ni nini."

"Nisamehe."

"Sina la kukusamehe mimi, mwambie huyo." Akamwonyesha Kahonzi kwa kidevu. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Na hakuna mwanamume?"

"Hakuna."

"Basi hata hilo," Kadii akasema, akaondoka.

Kahonzi alikuwa ameshainuka, ameingia nyumbani kwake, kama kuingia ndiko, maana kila kitu kilionekana. Alikuwa anaburura boriti iliyoangushwa na vijana wa Kambi. Jedida akasimama mlangoni.

"Shikamoo, hawe," akamwita, yaani bibi kwa Kigiriama.

"Marahaba." Mama mzee akaendelea kuburura. "Nilikuwa nakuona."

"Leo?"

"Leo gani. Tangu ile mvua. Mimi naokota kuni hapo nyuma, nina macho. Nikasema, huyu ana msiba wake, mwache. Nikawa nazunguka kwa huku ili nisikukanyagie kuni karibu."

"Na walipokuja kushusha paa, hukunitaja."

"Ningesema nini? Si mimi, ni yule wa bara? Kila anayeshikwa husema si mimi, ni yule. Nani angesikia?" Akasimama, akashika kiuno. "Nikajua utasema mwenyewe. Ikaja Jumanne, nikakuona unakuja. Nikajua unakuja kwangu. Ukavua, ukakaa. Nikagonga kigogo, ukasikia, hukugeuka. Nikasema basi, huyu hasemi. Nikaanza kuzoea."

"Sikuwa nikisikia kitu, hawe. Tangu mume wangu afe. Nilikuwa nangoja nisikie ndiyo niseme."

"Na leo umesikia?"

Jedida akajitafuta, kwa haki, asije akasema uongo mbele ya mtu huyu. Alisikia jua utosini, pale ambapo taulo lilikuwepo. Zaidi ya hapo, hapana.

"Hata leo."

"Ukasema vile vile tu."

"Vile vile."

Mama mzee alimtazama kwa muda, na ilikuwa vigumu kujua kama ameridhika au amechukia. Labda hakuwa na nafasi ya lolote kati ya hayo. Jua lilikuwa linaelekea utosini na nyumba haikuwa na kivuli. Akainama akashika upande mmoja wa boriti.

"Shika huko," akasema.

Jedida akaweka kikapu chini, akashika.